Kasuku wa kijivu: yapi ni ya kweli katika haya ninayoambiwa?

KibokoniLeo (Mombasa) ameuliza:

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Mama yangu mdogo anahamia Muscat mwezi ujao kumfuata mwanawe, na ameamua kuniachia kasuku wake wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Nampenda ndege huyo, lakini sijawahi kufuga kiumbe chochote zaidi ya paka, na tangu habari zienee mtaani kila anayepita barazani ananipa somo lake. Baadhi ya masomo hayo yanapingana, na mengine yananitia shaka.

Nimeambiwa kwamba kasuku huishi miaka mia, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi wowote kuhusu afya yake. Nimeambiwa kwamba chakula chake ni mbegu za alizeti na karanga tu, na kwamba pilipili kali humlegeza ulimi akaongea zaidi. Jirani mmoja anasisitiza kwamba tundu dogo ndilo linalomfanya kasuku awe mpole, na kwamba nikimtafutia mwenzake ataacha kabisa kusema na watu. Mwingine ananihakikishia kwamba kasuku ni kama kuku, amekwisha kuwa ndege wa nyumbani, na hakuna haja ya kibali cha serikali. Niongeze pia kwamba nyumbani mwetu kuna mtoto wa miaka sita mwenye pumu. Naomba wenye ujuzi wanisaidie kuchambua, kwa kuwa nikikubali kumchukua sitaki kumtesa.

TabibuWaWanyama (Tanga) amejibu:

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Nafanya kazi ya udaktari wa mifugo, na ingawa wateja wangu wengi ni ng'ombe na kuku, kasuku wa majumbani huletwa mara kwa mara, kwa kawaida wakiwa wamekwisha kuzidiwa. Nitaanza na pilipili, maana ndiyo inayoniudhi zaidi.

Kasuku hula pilipili kwa furaha kwa sababu ndege hawausikii ukali wake kama sisi. Vipokezi vya neva zao haviathiriwi na kemikali inayotuunguza sisi midomo. Ndiyo maana porini ndege ndio wanaozisambaza mbegu za pilipili. Haimdhuru, na ina vitamini A, lakini haina uhusiano wowote na kusema. Sauti ya ndege hutengenezwa ndani kabisa ya kifua, pale koo la hewa linapogawanyika kuelekea mapafuni, na kinachomwezesha kasuku kuiga ni ubongo wake. Nalisema hili kwa sababu imani hiyo ina ndugu yake mbaya zaidi, ile ya kumkata au kumkwaruza ndege ulimi ili "ufunguke". Huo ni ukatili mtupu, na ndege aliyefanyiwa hivyo anaweza kufa kwa kutokwa damu au kwa kushindwa kula.

Katika chakula ndipo ninapopoteza wagonjwa wengi. Alizeti na karanga zimejaa mafuta, lakini zina kalsiamu kidogo sana na karibu hazina vitamini A. Kasuku akiwekewa bakuli la alizeti atachagua hizo na kuacha vingine vyote, na mwenye nyumba ataona kwamba ndicho chakula anachokihitaji kwa kuwa ndicho anachokipenda. Baada ya miaka kadhaa ini hujaa mafuta, utando wa pua na koo hudhoofika, na maradhi ya kifua hupata njia. Kasuku wa kijivu ana udhaifu wake wa pekee: kalsiamu katika damu yake hushuka kwa urahisi kuliko kwa kasuku wengine, na ikishuka sana hutetemeka, huanguka kutoka mahali aliposimama na kupata degedege. Nimeletewa ndege ambao wenyewe waliambiwa kwamba wamepatwa na kijicho au wamepandwa na pepo, kumbe walihitaji kalsiamu na jua. Nasema jua kwa maana halisi, si mwanga unaopita kwenye kioo cha dirisha, kwa sababu kioo huzuia ile miale inayomsaidia kutengeneza vitamini D. Barazani asubuhi kwa muda, akiwa na sehemu ya kivuli ya kukimbilia, ni tiba isiyo na gharama.

Mpe mboga za majani kama sukuma wiki na majani ya kunde, karoti, boga, viazi vitamu vilivyochemshwa, maharage yaliyoiva vizuri (mabichi yana sumu), papai, embe, na hiyo pilipili yenu. Mbegu ziwe kitoweo cha kumtuza, zisiwe mlo. Karanga nazo ziwe chache na zikaguliwe, kwa sababu katika hali ya hewa yetu ya unyevunyevu sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, huingia bila kuonekana, na ini la ndege halihimili kiasi ambacho wewe usingekihisi. Parachichi asipewe hata kipande; lina sumu inayoshambulia moyo wa ndege, na wapo waliokufa ndani ya siku moja au mbili baada ya kulila. Chokoleti, kahawa na pombe vilevile ni marufuku.

Kuhusu moshi, nyumba zetu za pwani zina jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji. Mapafu ya ndege yameunganishwa na vifuko vya hewa vilivyoenea mwilini, na hewa hupita humo kwa namna inayomfanya avute sumu kwa haraka kuliko sisi. Udi, ubani, dawa ya mbu ya kuchoma na jiko la makaa ndani ya chumba alimo kasuku ni mateso kwake. Kikaango kisichogandisha chakula kikiachwa motoni kikapita kiasi cha joto hutoa mvuke unaoweza kuua ndege wa nyumba nzima kwa dakika chache, ilhali wenyeji wasihisi kitu. Tundu lisikae jikoni, na siku ya kufukiza udi lihamishiwe upande ambao moshi haufiki.

Umetaja mtoto mwenye pumu, na hapo nitasema wazi. Kasuku wa kijivu hutoa unga mweupe mwingi kutoka katika manyoya yake. Utauona juu ya meza ndani ya siku mbili. Kwa mwenye pumu unga huo unaweza kuwa kichocheo kikubwa. Zungumza na daktari wa mtoto kabla ya ndege kuingia nyumbani, wala usisubiri kuona itakavyokuwa. Pia ipo homa ya kasuku, ugonjwa wa bakteria unaoingia kwa kuvuta vumbi la kinyesi kikavu na unaofanana na nimonia. Unatibika kwa dawa ya doksisaiklini, alimradi daktari aambiwe kwamba nyumbani kuna ndege. Asipoambiwa huenda asiufikirie.

MwongozajiWaMsituni (Kakamega) amejibu:

Daktari ameeleza vizuri ya afya. Mimi nitajibu lile la kuku na lile la kibali, kwa sababu yanakwenda pamoja.

Kuku amefugwa kwa maelfu ya miaka, na katika muda huo binadamu amechagua vizazi baada ya vizazi wale wanaovumilia kuishi naye. Kasuku hajapitia njia hiyo. Hata aliyeanguliwa mikononi mwa mtu ana mwili na silika za ndege wa msituni, na kasuku wengi wa kijivu waliomo katika nyumba za watu wazima wa pwani hawakuanguliwa mikononi mwa mtu, bali walikamatwa. Wakamataji hutumia ulimbo na nyavu, tena huweka kasuku mwingine awe chambo cha kuwaita wenzake, na kwa kuwa ndege hawa hukusanyika kwa mamia mahali pa kulala na kwenye maeneo yenye udongo wa chumvichumvi, kundi zima linaweza kunaswa kwa pamoja. Mkoa wa Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa mji wa Kindu, umekuwa kituo kikubwa cha biashara hiyo. Wengi hufa kabla ya kumfikia mnunuzi kwa msongamano, kiu na hofu.

Nchini Ghana, ambako zamani walionekana kwa makundi makubwa, watafiti walikadiria mwaka 2016 kwamba wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hapa kwetu Kakamega, ndio msitu wa Kenya unaojulikana kuwa makazi yao, wamebaki wachache mno. Naweza kumtembeza mgeni tangu alfajiri hadi jioni nisimwonyeshe hata mmoja. Anayetaka kuwaona wakiruka huru kwa urahisi namshauri avuke mpaka aende Entebbe, ambako wanapita juu ya bustani jioni wakipiga miluzi, na hakuna anayewalipia.

Kwa sababu hiyo, katika mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016, nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, zilimhamishia kasuku wa kijivu katika Kiambatisho cha Kwanza. Hatua hiyo ilianza kutumika Januari 2017, na tangu hapo biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imekatazwa. Nadhani ndiyo sababu mama yako mdogo hasafiri naye, kwa maana hata ndege wako mwenyewe huwezi kumvusha mpaka bila vibali vya pande zote mbili. Ndani ya Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka anayemfuga mnyamapori awe na kibali, na kasuku huyu ni mnyamapori hata kama anaimba nyimbo za harusi. Muulize mama yako kama anazo karatasi. Kama hana, nenda wewe mwenyewe ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla ya kumpokea, ueleze ukweli na upewe utaratibu, maana akishahamia kwako mwenye kuulizwa utakuwa wewe. Wasomaji wa Tanzania nao wanayo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, basi wasidhani kwamba jambo hili ni la Kenya peke yake.

MzeeWaRuwi (Muscat) amejibu:

Mwanangu wa Kibokoni, nakusalimu. Sikubaliani na wanaotaka kukutisha hadi umkatae ndege wa watu, kwa kuwa nimefuga kasuku tangu ujana wangu Unguja na bado ninaye mmoja hapa. Ndege aliyekaa na watu muda mrefu hawezi kufunguliwa tu dirisha akaambiwa aende. Hajui kutafuta chakula, hajui mwewe, tena Mombasa si makazi yake ya asili. Lazima awe na mtu, na mtu huyo akiwa wewe, ni afadhali uwe unajua.

La miaka mia liache. Kasuku wa kijivu akitunzwa vyema hufika miaka 40 hadi 60, na wengi hawafiki kwa sababu alizozitaja daktari. Yule mashuhuri aliyeitwa Alex, ambaye mtafiti Irene Pepperberg alimnunua katika duka la Chicago mwaka 1977 na kumsomesha majina ya vitu, rangi, maumbo na hesabu ndogo, alikufa mwaka 2007 akiwa na miaka 31 tu, pamoja na uangalizi wote wa wataalamu. Nionavyo mimi, swali linalopaswa kukukosesha usingizi ni nani atakayemchukua wewe ukisafiri, ukiugua au ukifa. Mama yako mdogo amelikuta swali hilo leo, na wewe utalikuta.

Kuhusu kusema, watu wengi hukasirika wakimpata kasuku asiyesema, wakamrudisha au wakamtupa uani. Hakuna dhamana. Wapo wa kijivu wanaopiga miluzi tu maisha yao yote, na wengine hawaanzi hadi wapite mwaka mmoja. Wale kasuku wetu wa pwani wenye kichwa cha kahawia, na wale wadogo wa kijani na chungwa wa upande wa Serengeti, husema kwa shida sana au hawasemi kabisa. Ajabu ni kwamba aliyeandikwa katika kitabu cha rekodi za Guinness kwa wingi wa maneno, 1,728, alikuwa kasuku mdogo wa asili ya Australia aliyefugwa California, jina lake Puck, ambaye ungeweza kumfumbata kiganjani. Wala usidhani kwamba anayesema anarudiarudia bila akili. Wangu husema "nani?" mlango ukigongwa, na hajawahi kulisema neno hilo kwa sababu ya kelele nyingine. Lakini pia usidhani anaelewa matusi kama unavyoyaelewa wewe. Anachokielewa ni kwamba ukiyasikia unacheka, na kicheko ndicho malipo yake.

Jirani yako wa tundu dogo ameuona ukimya akauita upole. Kasuku aliyebanwa hunyamaza kwa kukata tamaa, na akishachoka kunyamaza hupiga kelele au huuma. Apate tundu ambalo anaweza kukunjua mbawa zote mbili bila kugusa waya, na atolewe nje ya tundu kila siku, feni ikiwa imezimwa. Na lile la mwenzake lina chembe ya ukweli, kwa maana wawili wakipatana wataongea lugha yao zaidi kuliko yenu. Je, hiyo ni hasara ya nani? Huyu ni ndege wa makundi. Mwaka 2014 watafiti wa Vienna walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba kasuku wa kijivu wanaofugwa peke yao wana dalili zaidi za uchakavu ndani ya chembe za miili yao kuliko wa rika lao wanaoishi wawili wawili. Sikuambii ukanunue wa pili, hasa kwa hayo aliyoyaeleza ndugu wa Kakamega. Nakuambia kwamba ukimchukua huyu, wewe na watu wa nyumba yako ndio kundi lake, na kumwacha peke yake kutwa nzima ni kumfunga.

ChaiNaMahamri (Lamu) amejibu:

Kwa heshima zote, Daktari, babu yetu alikuwa na kasuku aliyekula kila kilichopikwa, pamoja na chai ya maziwa na mahamri, na alikaa naye miaka mingi bila kumpeleka kwa mganga wala daktari. Je, hatuoni kwamba mambo haya yamekuwa makali kupita kiasi?

TabibuWaWanyama (Tanga) amejibu:

Swali lako ni la haki, ndugu. Kasuku ana tabia ya kuficha ugonjwa, kwa sababu porini anayeonekana dhaifu ndiye anayeandamwa na mwindaji. Anaweza kuishi miaka na ini bovu huku akiimba, halafu akakutwa chini ya tundu asubuhi moja, na familia ikasema kwamba siku yake ilifika. Inawezekana pia kwamba wa babu yako alikula wali na mboga nyingi kutoka katika sinia la familia, jambo ambalo lingemweka pema kuliko wa siku hizi anayelishwa alizeti za pakiti. Chai ina kafeini na ndege hamudu sukari na maziwa. Kipande cha hamri lisilo na sukari nyingi hakitamuua, lakini kisiwe desturi.

KibokoniLeo (Mombasa) amejibu:

Nawashukuru sana, Daktari, kaka wa Kakamega, mzee wangu wa Muscat, na ndugu wa Lamu pia. Nimempigia mama mdogo. Karatasi hana, naye amekubali tuende pamoja KWS wiki hii kabla ya safari yake. Daktari wa mtoto tunamwona Jumatatu, na akisema hapana, basi binamu yangu wa Nyali, ambaye hana mtoto mdogo na hufanyia kazi nyumbani, yuko tayari kumchukua iwapo atakubaliwa.

Nina swali moja la ziada. Nilipokwenda kumtazama leo nimegundua kwamba kifuani na chini ya mbawa hana manyoya, ngozi inaonekana. Mama anasema anabadilisha manyoya tu. Tundu lake lilitengenezwa na fundi wa jua kali, la waya mweupe unaong'aa.

TabibuWaWanyama (Tanga) amejibu:

Mtazame kichwani. Kasuku anayebadilisha manyoya huyapoteza machache machache mwili mzima, na mapya huonekana yakichomoza kama miiba midogo. Kama kichwa kimefunikwa vizuri kabisa na kifua kiko wazi, basi ananyonyoa mwenyewe, kwa sababu kichwa ndicho mahali pekee ambapo mdomo wake haufiki. Sababu zinaweza kuwa upweke, ukosefu wa kazi ya kufanya, lishe, hewa kavu au moshi, wadudu, au ugonjwa wa ndani, na mara nyingi ni zaidi ya moja. Usimkemee wala usimpake mafuta au dawa ya maji machungu kifuani.

Waya mweupe unaong'aa huenda umepakwa zinki, na kasuku anayeutafuna kila siku humeza chembe zake kidogo kidogo hadi zikamdhuru. Rangi za zamani nazo zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mwagize fundi atumie chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, nafasi kati ya fito isizidi sentimita mbili na nusu ili kichwa kisipite, na ndani muweke matawi ya mpera ya unene tofauti, yenye gome lake, apate cha kukwanyua badala ya kifua chake. Chakula kingine mkifiche ndani ya vifuu au maboksi ya karatasi ili atumie saa nzima kukitafuta. Jioni muwahini kumzimia taa, kwani anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 12.

Lishe msiibadilishe ghafla. Kasuku aliyezoea alizeti asipoitambua mboga anaweza kugoma kula hadi akadhoofika, kwa hiyo punguzeni mbegu taratibu kwa wiki kadhaa mkimpima uzito kwa mizani ya jikoni kila asubuhi kabla ya kula. Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito aliokuja nao, simamisheni na mumpeleke kwa daktari. Siku ya kumpeleka, asafirishwe ndani ya tundu dogo lililofunikwa upande mmoja kwa kitambaa, na karatasi ya chini ya tundu lake la kawaida muichukue vilevile ilivyo, pamoja na kinyesi chake cha usiku, ili daktari akichunguze.